Mchezo wa Kuamkia

Mtaani kwetu Timbwani, Likoni, watu walisema naringa. Sikuwa naringa, nilikuwa naona haya, lakini haya ikizidi hufanana na maringo, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kunisogelea aangalie tofauti. Nami niliwasaidia kukosea. Nikitumwa dukani nilipita uchochoro wa nyuma, kule nyuma ya mabafu ya watu, penye maji ya sabuni na kuku, ili nisipite njia ya mbele ambako kila baraza ina mtu na kila mtu lazima aamkiwe. Katika shajara yangu ya kidato cha pili kuna ukurasa umeandikwa hivi: "Leo nimekwenda dukani na kurudi bila kuonwa na mtu. Siku nzuri." Nimeisoma shajara yote tena juzi. Siku zangu nzuri ni zile ambazo hakuna aliyeniona, na ziko nyingi.

Nilikuwa nikikaa na nyanya, mamake mama, kwa sababu mama alikuwa akifanya kazi hotelini Malindi na kuja mwisho wa mwezi. Kitu changu cha raha kilikuwa kimoja, mashine ya gemu. Mjomba ni mpishi wa meli, aliileta kutoka Dubai na kusema ni mpya. Kwetu ilikuwa mpya. Darasani kulikuwa na wavulana waliovuka feri kila Jumamosi kwenda kucheza gemu za kisasa mjini, na mmoja wao, aliponisikia namnong'oneza msichana mwenzangu habari ya mashine yangu, alitangazia darasa zima kwamba aina ile ng'ambo walishaitupa zamani. Nilifikiri tu kwamba imetupwa vizuri, maana imeangukia kwetu.

Kaseti yake ilikuwa imeandikwa juu kwa herufi za dhahabu: michezo 9999. Nilichukua wiki mbili kuihesabu, naandika kila mmoja kwenye shajara, na ilikuwa kumi na mmoja. Yote iliyobaki ni ile ile kumi na mmoja, ila hapa mtu kavaa suruali ya kijani na pale ya samawati, na kwa kuwa televisheni yetu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, hata suruali hazikubadilika. Sikuona nimedhulumiwa sana. Shuleni kwetu pia kulikuwa na mlango ulioandikwa Maktaba.

Mchezo nilioupenda ulikuwa wa mtu mfupi mwenye koleo. Anakimbia ndani ya handaki, hasimami, na njiani anakutana na panya na vibabu vyenye ndevu na mikongojo. Akigusana nao anakufa. Akiwarukia kichwani, wao ndio wanakufa. Kila mchezo unampa nafasi tatu za kufa, na kwenye kioo nafasi hizo zimeandikwa kwa Kizungu, lakini sisi wa Likoni tulikuwa na neno letu. Tuliziita roho. Una roho tatu, umebakisha roho mbili, nipe roho yako moja nimalizie. Tulisema hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyosema una maandazi mangapi.

Na kaseti ikigoma, unaichomoa, unaipuliza upande wa chini kwenye meno ya shaba, unairudisha. Nani alitufundisha sijui. Kila mtu alikuwa akipuliza.

Sasa mfikirie nyanya. Mchana mmoja yuko ukumbini anachambua mchele. Mjukuu wake, ambaye kwa kawaida hasemi na mtu, yuko chumbani na mlango umerudishwa nusu. Kwanza anasikia mtu akipuliza, fuu, fuu, mara tatu, kama vile mwalimu wa chuoni anavyopulizia maji ya dua. Kisha kimya. Kisha sauti ya mjukuu, safi kabisa: "Nimekufa tena. Imebaki roho moja."

Akaniita kwa jina langu lote. Nikaitika abee, nikaenda.

"Hizo roho nyingine," akasema, "umezitoa wapi?"

Nikasema ni za mashine. Jibu hilo halikusaidia.

"Mimi nina roho moja," nyanya akasema, naye bado anachambua mchele, hanitazami. "Mwenyezi Mungu kanipa hiyo hiyo, nami nimeitunza mpaka leo haina mchubuko. Wewe umepewa tatu, na mbili umeshazichezea kabla ya alasiri kuadhiniwa. Sikiza. Nyumba hii haina mtu wa roho tatu. Leta hiyo mashine."

Ikatiwa kabatini, lile kabati la vioo la vyombo vya wageni, pamoja na sahani za maua ambazo tangu kununuliwa hazijaonja wali. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kabati lilikuwa ukumbini, kwa hivyo kila nilipokula nilikuwa naiona mashine yangu imekaa kati ya bakuli la supu na birika, imekuwa chombo cha wageni. Na wageni hawakuja, sababu mojawapo ikiwa mimi.

Nilianza kutengeneza yangu. Nilichukua boksi la sabuni, nikakata dirisha mbele, nikapitisha vijiti viwili vya mpini wa ufagio uliovunjika, kimoja kulia na kimoja kushoto. Halafu nikabandika karatasi za daftari la hesabu, zile zenye miraba, moja baada ya nyingine kwa gundi ya unga wa ngano, zikawa utepe mrefu nikauviringisha kwenye vijiti. Ukizungusha kijiti, picha inapita dirishani kama inavyopita kwenye televisheni. Mtu wangu nilimkata kwenye ganda la kibiriti, nikamtia pini mgongoni, na nyuma ya karatasi nikawa namvuta kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Alitembea vizuri, ila tu alitembea kama mtu aliyevutwa sikio. Mwalimu wa hesabu aliniuliza daftari linakwisha vipi na kazi haionekani. Nikakaa kimya, naye akaandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu.

Nilihitaji hatari za kumweka njiani. Panya niliwachora, hawakutisha mtu, Likoni tumewazoea. Nikajiuliza mimi mwenyewe naogopa nini hasa, na nilipopata jibu nikachora kwa siku nne bila kuinua kichwa. Nilichora njia ya mbele, kutoka mlangoni kwetu mpaka dukani na kurudi.

Hatari ya kwanza ilikuwa jirani yetu wa mahamri. Mama huyu humwamkii ukapita. Ukimpa shikamoo anakupa marahaba, kisha anaanza kuuliza hali ya nyumba nzima, mmoja mmoja, mpaka kuku, na kila mmoja unamjibia hajambo, na akimaliza lazima nawe umuulize goti lake. Usipouliza goti, kufikia magharibi mtaa mzima unajua huna adabu. Nilimchorea mdomo wa miraba sita.

Hatari ya pili ilikuwa benchi la vijana karibu na fundi wa baiskeli. Hao ni wakubwa kwangu kwa miaka miwili mitatu, si wa kuamkiwa, wala si wa kupitwa kama mawe. Msichana akiwasalimu, kajipeleka. Asipowasalimu, anaringa. Sheria niliyoandika ni kutazama chini na kutembea mwendo wa wastani, na mwendo wa wastani nilichukua jioni nzima kuupima kwa rula.

Hatari ya tatu ilikuwa mzee mmoja karani mstaafu wa bandarini. Yeye hataki shikamoo, anasema hiyo ni ya watoto wadogo. Anataka sabalkheri asubuhi na masalkheri baada ya adhuhuri, na kabla ya kukujibu anatazama saa yake ya mkononi kuhakikisha. Saa hiyo ilisimama saa tatu na dakika ishirini, nadhani tangu alipostaafu. Kwa hivyo kwake ni asubuhi siku zote, na anayemwambia masalkheri jioni anaambiwa elimu ya siku hizi imeharibika.

Na mwisho wa yote, mlangoni, nilichora wa mwisho, yule mkubwa ambaye kila gemu humweka mwisho. Alichukua ukurasa mzima. Ana kanga, na kwenye pindo la kanga ana ufunguo mkubwa kama mchi. Kando yake niliandika kwa herufi ndogo: Hapa usikimbie.

Jumatatu yake baharia mwenzake mjomba akatuletea barua. Mjomba alisema meli inatia nanga, Ijumaa atakuja kula chakula cha mchana, na amesikia kwa mama kwamba mashine imekaa tu kabatini, basi ataichukua awapelekee watoto wake Changamwe wanaoihitaji. Watoto wake wana baiskeli mbili na sarafu wanazochezea chini. Nilisoma barua hiyo kwa sauti kwa sababu nyanya hakuwa amevaa miwani, nikafika kwenye neno Changamwe nikajifanya nakohoa.

Nyanya akasema, "Mjomba wako ni mkarimu."

Kesho yake alinikuta chumbani nahangaika na boksi. Mchezo wangu ulikuwa na kasoro moja, ulihitaji mikono mitatu. Mkono mmoja wa kuzungusha kijiti, mmoja wa kukishika kijiti cha pili kisilegee, na mmoja wa sumaku. Kwa mtu mwenye rafiki hiyo si kasoro. Nyanya alisimama akatazama nikikishika kijiti kwa meno.

"Nini hicho?"

Nikamwambia ni mchezo. Hauna umeme, nikasema, ni karatasi tu.

"Toa mti mdomoni," akasema. Akaketi kitandani, akavuta boksi, akashika vijiti vyote viwili. "Mimi nazungusha."

Juu ya boksi nilikuwa nimepanga njiti tatu za kibiriti. Akauliza za nini. Nilitafuta neno lingine, sikulipata.

"Ndizo zile roho," akasema.

"Ndizo."

"Ziite pumzi. Pumzi yaja na kwenda, mtu akikimbia inamwisha, akikaa inamrudia. Roho ikenda imekwenda. Haya, pumzi tatu. Twende."

Alizungusha polepole sana, kwa mwendo wake wa kwendea mazikoni, na kila picha ilipoingia dirishani alisimama akaitazama. Mama wa mahamri alimtambua kwa mdomo. Hakucheka kwa sauti, lakini kitanda kilitikisika. Alitaka kujua mbona hakumuona yule paka, maana jirani huuliza hata paka, nikamwambia paka wetu alikufa, akasema hilo halimzuii. Benchi la vijana alilipitisha upesi. Kwa mzee karani alisoma saa, saa tatu na dakika ishirini, akasema wallahi.

Kisha akaingia yeye mwenyewe dirishani. Kwanza miguu, halafu kanga, halafu ufunguo. Akaacha kuzungusha.

"Huyu ni nani?"

"Ni wa mwisho."

"Mwenyewe anafanya nini?"

"Anafungia vitu," nikasema. Nilitaka kitanda kinimeze. Nilijua sasa mashine imekwenda Changamwe, na pengine mimi nitafuata.

Nyanya akainamia karatasi mpaka pua ikaikaribia. "Na hushindwa vipi?"

"Hashindwi. Unavua viatu, unapiga hodi, unatoa salamu. Ukiitikiwa ndipo unaingia."

Nilihesabu miraba ya kanga yake ya karatasi, nikafika arubaini.

"Umechora mtaa mzima," akasema, "na wote umewajua vizuri, goti la huyu, saa ya yule. Nami naambiwa mjukuu wangu anaringa, hata watu hawatazami." Akalifungua pindo la kanga, akanionyesha ufunguo, akalifunga tena. "Basi kaucheze. Si huu, ule wa nje. Chukua hizo pumzi tatu. Nenda dukani kwa njia ya mbele, ulete chumvi. Ukirudi na pumzi hata moja, kabati lafunguliwa. Na ukipita nyuma ya mabafu nitajua, kuku wataniambia."

Nilitoka na njiti tatu mkononi. Jirani wa mahamri alikuwa barazani, alivyoniona akaweka mwiko chini. Shikamoo. Marahaba, kumbe u hai. Nyanya hajambo, mama hajambo, mjomba hajambo, kuku hawajambo. Akauliza paka, nikasema hajambo, Mungu anisamehe. Nilijisifu hivyo nikaondoka, na nilipofika hatua kumi nikakumbuka goti. Nikavunja njiti moja, kwa haki, ingawa hakuna aliyekuwa akitazama.

Kwenye benchi walikuwa wanne. Nilitazama chini, mwendo wa wastani, kila kitu kama kwenye rula. Mmoja wao akasema, "Leo wapita huku, bibie?" Nami ulimi ukanitoka wenyewe. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ya neno moja tu njia nzima. Nikamwambia, "Shikamoo."

Kijana yule, ambaye ndevu zake ningeweza kuzihesabu nikiwa nimesimama palepale, akakaa vizuri, akashika kidevu.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Nyanyako hajambo?"

Sikuwahi kuvunja njiti kwa haraka hivyo.

Kwa mzee karani jua lilikuwa limeshalala upande wa pili. Nikasema sabalkheri. Akainua mkono, akatazama saa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Alkheri, mwanangu. Watoto wote wa hapa hawajui wakati, isipokuwa wewe." Nikanunua chumvi, nikarudi, na kurudi kulikuwa rahisi, kwa sababu ukishamwamkia mtu mara moja basi kurudi unapunga mkono tu. Nikaona mlango wetu. Nilikuwa na pumzi moja, nikakimbia, nikaingia na viatu mpaka katikati ya ukumbi, nikasema nimemaliza, ufunguo nyanya, ufunguo.

Nyanya alikuwa kwenye mkeka. Akatazama viatu vyangu. Akanyosha mkono, nikampa njiti. Akaipitisha kwenye kibiriti, akawasha jiko la mafuta.

"Umeandika mwenyewe hapa usikimbie," akasema. "Rudi mwanzo."

Jumatano nilikwenda tena. Goti nililiuliza, tena nikaliuliza kwa undani, nikaelezwa kwa undani. Kwenye benchi yule kijana aliniwahi, "Mjukuu wangu," na wenzake wakaanza kucheka kabla sijafanya lolote, nikapoteza pumzi kwa kuwa nilisimama. Kwa mzee karani nikasema sabalkheri kwa uhakika wa mtu anayejua dunia, naye akatazama saa akanikazia macho. Mwanawe alikuwa amemtilia betri asubuhi ile. Nilipigwa mawaidha kuhusu elimu ya siku hizi mpaka duka likafungwa kwa sala, na chumvi sikupata. Hiyo nyanya aliihesabu kuwa pumzi mbili.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho, na ninachokumbuka ni kidogo, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Goti lilikuwa limepata nafuu. Mzee karani nilimwambia masalkheri na alionekana mwenye huzuni kidogo kwamba nimepatia. Kwenye benchi yule kijana akasema, "Mjukuu wangu, mbona leo hukuniamkia?" Nilikuwa nimeshampita. Nikageuka, sijui nani alinigeuza, nikasema, "Babu, nilidhani umelala." Kicheko kilinifuata mpaka dukani, lakini safari hii hakikuwa cha kunicheka mimi. Nyumbani nilivua viatu, nikapiga hodi, nikatoa salamu. Nyanya aliniweka pale mlangoni kitambo, naamini kwa makusudi, ndipo akaitikia.

Nilikuwa na njiti zote tatu. Akazipokea, akazirudisha kwenye kibiriti, akafungua pindo.

Ijumaa mjomba alikuja, akala, akafuta mikono, akauliza mashine iko wapi. Ilikuwa imewashwa. Nyanya alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, miwani machoni, mimi nimeshika kishikio. Mtu mfupi mwenye koleo alikimbia handakini, akamkuta kibabu cha kwanza chenye mkongojo, akamrukia kichwani, kibabu kikafa.

"Mbona hakumwamkia?" nyanya akauliza.

Nikamwambia hana namna, hana kitufe cha kuamkia.

Kibabu cha pili naye akarukiwa. Nyanya akasonya. Mjomba akaanza kueleza kwamba watoto wake Changamwe wangefurahi sana kuipata, hasa likizo hii.

"Haiendi," nyanya akasema, hakuondoa macho kwenye kioo. "Mtu mwenyewe bado hana adabu. Akifika kwa watu hivi atatuaibisha."